Sala Fupi, Sufuria Barazani: Namna ya Kuvuka Wakati wa Gonjwa

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri. Machi 2020, korona ilipotangazwa kuingia nchini na shule zikafungwa, kazi ya sare ilikatika ghafla. Nikabaki nashona barakoa za vitenge huku napokea simu za waumini wenye hofu. Ninayoandika hapa yametokana na simu hizo kuliko mahubiri. Korona imepoa, lakini kipindupindu bado tunacho, na gonjwa jingine likija maswali yatakuwa yale yale.

Kwanza, fupisha sala. Aprili ile zilitangazwa siku tatu za maombi ya taifa, tarehe 17 hadi 19, na kuomba pamoja na nchi nzima si kazi. Kazi ni siku ya nne, uko peke yako na moyo unadunda. Mwenye hofu hamalizi saa nzima ya maombi, kwa hiyo asijilazimishe. Bandika sala kwenye jambo ambalo lazima ulifanye. Watoto wa mtaani kwetu tuliwafundisha kunawa kwa Baba Yetu: ukiisema taratibu, bila kuikimbiza kama konda anayeita abiria, zile sekunde 20 za sabuni zinatimia. Kwenye "mkate wetu wa kila siku" povu liwe limeshaingia katikati ya vidole. "Utusamehe" ni zamu ya vidole gumba, maana hivyo kila mtu huvisahau.

Usiku una shida zake. Saa nane umekohoa mara moja, tayari umeshajizika. Simu ilale chumba kingine, hasa kama uko kwenye makundi ya WhatsApp yenye zile sauti za "sambaza kwa watu kumi". Kisha soma Zaburi ya 4, ni fupi, na uisome kwa sauti hata kama ni ya kunong'ona: "Katika amani nitajilaza, na kupata usingizi mara, Maana Wewe, Bwana, peke yako, Ndiwe unijaliaye kukaa salama."

Najua wengi wanakimbilia Zaburi ya 91, kwa sababu tauni imetajwa mle waziwazi. Isome, ni nzuri mno. Ila usiivae kama hirizi. Kuna waliokuwa wakiniambia, "Mzee, barakoa ya nini, si tunayo 91?" Nikawa nawafungulia Mathayo 4. Aliyemnukulia Yesu zaburi hiyo pale juu ya kinara cha hekalu, akimwambia ajitupe chini, alikuwa Shetani. Na Yesu akamjibu: "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Baada ya hapo mtu huchukua barakoa yake, wengine hata bila kuomba punguzo.

Martin Luther mwenyewe, ambaye kanisa letu lina jina lake, tauni ilipoingia mjini kwake Wittenberg, Ujerumani, mwaka 1527, hakuondoka. Aliandika kwamba atamwomba Mungu, kisha atafukiza nyumba, atatumia dawa, na hatakwenda mahali asipohitajika; lakini jirani akimhitaji, atakwenda. Sijaona utaratibu mzuri zaidi ya huo, na una karibu miaka 500.

Kama umekasirika, sali ukiwa umekasirika. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, hakuna neno la faraja mwishoni, na bado imo kwenye Biblia. Niliwahi kumsomea kwa simu mama mmoja aliyefiwa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe inaruhusiwa."

Kumwombea mgonjwa kwa simu kuna adabu yake. Muulize kwanza: "Nikuombee sasa, au nikupigie baadaye?" Kifua kikimbana hawezi kuongea, kwa hiyo sema wewe, yeye aitikie amina tu. Dakika mbili zinatosha. Mtaje kwa jina lake, taja na analohofia: watoto, deni la duka, kazi. Usimhoji aliupatia wapi ugonjwa. Usimwambie imani yake ni haba, wala kwamba Mungu anamfundisha kitu, umejuaje? Na habari zake usizirushe kwenye kundi la jumuiya bila ruhusa yake, hata kwa kisingizio cha maombi.

Ukisikia anahema kwa shida au anaanza kuchanganyikiwa, kata sala, ita bajaji, apelekwe hospitali ya Bombo. Sina ugomvi na nyungu ya mwarobaini na mchaichai, lakini isimcheleweshe mtu kufika hospitali.

Sasa wema. "Ukihitaji chochote niambie" ni maneno matupu, kwa sababu hakuna atakayekwambia. Sema kitu kinachojibika kwa ndiyo au hapana: "Nakwenda sokoni Mgandini, nikuletee nyanya na dagaa?" Chakula peleka kwenye chombo usichokidai, weka barazani, bisha hodi, rudi nyuma hatua kadhaa, msalimiane kwa mbali. Uji wa tangawizi unapita vizuri kwenye koo bovu, lakini wali mkavu mgonjwa ataurudisha. Na kumbuka wanaokula kwa kazi ya siku, mama lishe na wa bodaboda, kwani njaa huwafikia kabla ya ugonjwa. Kama huna hela ya kumpa, mnunulie bidhaa yake.

Tanga hii huwezi kuwatendea wema Wakristo peke yao, ukuta kwa ukuta tunaishi na Waislamu. Ramadhani ya 2020 iliingia mwishoni mwa Aprili, hofu ikiwa juu. Jirani zangu walizoea kufuturu pamoja, mwaka ule kila mlango ulijifungia. Tukawapikia mihogo ya nazi, tukaacha sufuria barazani kabla ya magharibi. Idi ilipofika, sufuria ile ikarudi na pilau. Usiende na mahubiri kwenye sufuria. Akikuuliza kwa nini umeleta, mjibu.

Wafiwa wanataka uvumilivu kuliko wote. Mazishi ya wakati wa gonjwa huwa ya haraka na ya watu wachache, hakuna matanga ya kueleweka. Rambirambi tuma kwa simu, tena uandike jina lako, mfiwa asihangaike kutafuta namba ni ya nani. Simu za wiki ya kwanza ni nyingi mpaka zinachosha. Wewe piga wiki ya tatu, jioni, mwache amzungumzie marehemu apendavyo, na kabla ya kukata muulize kama kesho ana mtu wa kumchotea maji.