Somo: Kuchapa atele ya mguu unaoning'inia, kuanzia picha za simu

Hapa Goma, mtoto mwenye mguu unaoning'inia utamtambua kwa mbali: anainua goti juu sana ili vidole visikwaruze mawe ya volkano. Mara nyingi chanzo ni sindano ya kwinini iliyochomwa mahali pabaya takoni, ikaumiza mshipa mkubwa wa fahamu. Atele, kifaa cha plastiki kinachovaliwa nyuma ya mguu na chini ya nyayo, humshikia nyayo isianguke. Hapa tunaichapa kwa printa ya 3D, inayojenga kitu tabaka kwa tabaka.

Somo hili ni la mafundi wanaofanya kazi pamoja na kine, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo. Usijaribu peke yako, kwa sababu mguu usiohisi vizuri huchubuka kabla mtoto hajalia.

1. Kine apime kwanza. Kifundo kirudi hadi nyuzi 90 bila kulazimishwa. Kama kano ya kisigino imekaza, acha. Mtoto ana matibabu mengine ya kutangulia.

2. Piga picha. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Mtoto akae mezani, goti likunjwe, mtu mmoja ashike nyayo katika nyuzi 90 na asilegeze hata kidogo. Zunguka mguu ukipiga picha 50 hadi 60, kila moja ikirudia sehemu kubwa ya iliyotangulia. Weka rula kando: programu ya kompyuta inayounganisha picha inajenga umbo lakini haijui ukubwa. Pima pia kwa futi ya fundi cherehani mzunguko wa shavu la mguu na upana wa kifundo, ulinganishe baadaye. Niliwahi kuchapa atele iliyopendeza macho, kumbe mguu ulikuwa umeshuka kidogo wakati wa picha. Mtoto akawa anatembea goti likisukumwa nyuma kila hatua. Tuliitupa. Tangu siku hiyo sioni haraka: nampa mtoto muda wa kuzoea, hata saa nzima.

3. Rekebisha umbo kwa Blender au Meshmixer, zote ni za bure. Acha nafasi ya milimita 3 hadi 5 kati ya atele na mifupa miwili inayochomoza kifundoni. Ukingo wa juu uishie sentimita 2 hivi chini ya kichwa cha mfupa mwembamba wa nje, maana mshipa wa fahamu unapita hapo karibu kabisa na ngozi. Ukiubana, unaongeza ugonjwa uleule.

4. Chapa ikiwa imelala ubavu. Ukiisimamisha wima, tabaka zitaachana nyuma ya kifundo, palepale panapobeba nguvu. Usitumie plastiki ya aina ya PLA: hulainika karibu na nyuzi 60, na watoto wetu huota moto kando ya mbabula. Aina ya PETG huvumilia hadi karibu 80. Kazi inaweza kuchukua saa 10 na zaidi, kwa hiyo betri ya akiba iwe imejaa. Filamenti, yaani uzi wa plastiki wa printa, ifunikwe, vumbi letu jeusi huziba pua ya printa.

5. Sugua kingo zote, kisha avae na soksi kwa nusu saa. Vua, tazama ngozi. Wekundu usiotoweka ndani ya dakika 20 hadi 30 unakuonyesha pa kupunguza.

MASWALI YA WANACHAMA

Ndosho, Goma: Papa mwalimu, mtoto amekua. Naweza kukuza faili ileile kwa asilimia 5?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Mguu haukui sawa pande zote, na ile nafasi ya mifupa itahama. Piga picha upya. Mtoto aonwe kila miezi 3.

Kadutu, Bukavu: Mimi ni muuguzi wa uzazi. Mtoto mchanga mwenye nyayo zilizopinda ndani, tumchapie?

Jibu: Mama, huyo mpelekeni kwenye plasta za njia ya Ponseti, inayonyoosha nyayo polepole, mapema, zinazobadilishwa kila wiki. Baada ya plasta kuna viatu vyenye ufito, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha usiku kwa miaka. Atele hii haifanyi kazi hiyo.

Himbi, Goma: Mwanangu anapenda kutembea na atele bila kiatu. Inateleza, na chini imeanza kulika.

Jibu: Nje avae kiatu kila mara, kilichozidi namba moja, kitambaa cha ndani ukitoe. Kwa nyumbani gundisha mpira mwembamba chini. Na hiyo iliyolika niletee niione: ufa mdogo kwenye kisigino hupanda juu.