Kukata jodari wa sashimi (vipande vya samaki mbichi bila wali) na sushi (samaki na wali) bila kumchanachana

Kwanza kisu kiwe kikali kweli kweli. Wajapani wana yanagiba, kirefu chembamba kimenolewa upande mmoja, ila kama huna tumia chochote kirefu chembamba, chenye meno achana nacho. Jodari atoke kwenye friji muda huohuo, akipata joto analegea na kisu kinaanza kumburuta. Angalia ile mistari myeupe kwenye nyama, kata kuikatiza, ukiifuata utatafuna kama kamba. Hapa ndo wengi tunaharibu: usiende mbele na nyuma kama msumeno! Weka kisu pale karibu na mpini juu ya nyama, halafu vuta kuja kwako mara moja tu mpaka ncha, usigandamize, uzito wa kisu chenyewe unatosha, ukipatia kipande kinang'aa, ukikosea kinakuwa na manyoya manyoya. Sashimi kata wima, unene kama sentimita 1, ya nigiri (sushi ya kitonge cha wali na kipande cha samaki juu) laza kisu na nusu ya hapo inatosha. Kila vipande viwili vitatu futa kisu kwa kitambaa chenye unyevu, maana mafuta yanakifanya kinate. Vya pembeni visivyo na shepu usitupe bana, katakata weka kwenye roli, ile sushi ya kuviringisha.