Kiatu cha ngozi cha mtumba: kukichagua, kukifufua na kukitunza

Pale Karume, Ilala, belo la viatu likifunguliwa asubuhi, watu wengi hukimbilia raba. Mimi huenda kwenye lile lundo la pembeni, la viatu vya kamba vilivyopauka na soli zilizolika upande. Humo ndimo nilimowahi kuokota viatu vya Church's na Loake vilivyotengenezwa Northamptonshire, Uingereza, na mara mojamoja Florsheim ya zamani ya Marekani, kwa bei ambayo dukani hununui hata moka ya plastiki.

Kanuni yangu ni moja: nanunua ngozi ya juu. Soli iliyotoboka fundi ataibadilisha, kisigino kilicholika kitapigwa kipya, kamba zimejaa Kariakoo. Ngozi ya juu ikishapasuka, hakuna kiwi wala gundi ya kuirudisha.

Kwa hiyo anza hapo. Shika kiatu, kikunje kidogo pale kinapokunjika mtu akitembea, nyuma ya vidole. Mkunjo wa kawaida ni alama ya mguu wa mwenyewe wa kwanza na hauna neno. Ufa ni kitu kingine: una kingo, na ukipitisha ukucha, unanasa. Ufa mfupi pembeni naweza kuuvumilia. Ufa uliokata mkunjo katikati, rudisha kiatu kwenye lundo bila huruma. Ukiona uso unabanduka vipande vipande na chini yake kuna kitambaa, hiyo haikuwahi kuwa ngozi ya maana. Alama nyeupe za mawimbi karibu na soli zisikutishe. Mara nyingi ni chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji huko kilikotoka kiatu, na inatoka.

Sasa kigeuze. Ukingoni, ngozi ya juu inapokutana na soli, tafuta utepe mwembamba wa ngozi unaozunguka kiatu, wenye mshono juu yake. Huo ndio welti. Mashine ya kuushona ilipata umaarufu karne ya 19 kupitia Charles Goodyear mdogo, mtoto wa yule Goodyear wa mpira, na viwanda vya Northampton vinautumia mpaka leo. Siri yake ni mishono miwili tofauti. Mmoja unashika ngozi ya juu, soli ya ndani na welti. Wa pili unashika welti na soli ya chini. Fundi akikata huu wa pili, soli ya chini inatoka nzima na mwili wa kiatu unabaki salama, tayari kwa soli nyingine. Ndiyo maana kiatu cha namna hii kinaweza kumzidi umri aliyekinunua.

Wapo wanaobandika welti ya urembo, mshono wa bure juu ya soli iliyogandishwa kwa gundi. Kwenye soli ya ngozi, mshono wa kweli utauona upande wa chini pia, au utaona mfereji mwembamba ulikofichwa. Ingiza na mkono ndani: ukigusa mstari wa nyuzi kwenye soli ya ndani, kiatu kimeshonwa moja kwa moja kutoka ndani hadi chini, mtindo wanaoupenda sana Waitaliano. Nacho kinabadilishwa soli, ila si kila fundi ana zana za kufika huko ndani. Muulize kwanza.

Kimoja cha kukikwepa hata kiking'aa ni kile chenye soli nene, nyepesi, ya povu la poliyurethani. Povu hilo huliwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kabatini, na joto la Dar linaharakisha. Utakivaa harusini, ukifika katikati ya ukumbi soli inameguka kama keki. Bonyeza kwa ukucha. Ikinata au ikibaki na shimo, achana nacho.

Kusoma maandishi ya ndani ni raha ya peke yake. Viatu vingi vya Northampton vimeandikwa kwa wino kwenye bitana: saizi, herufi ya upana, wakati mwingine na namba ya kalibu, lile umbo la mguu ambalo kiatu hutengenezwa juu yake. Namba 8 ya Mwingereza ni karibu na 42 ya Ulaya na 9 ya Mmarekani. Kwa viwanda vingi vya Uingereza F ni upana wa kawaida na G ni mpana. Kwa Mmarekani wa kawaida ni D. Kwenye Church's, tazama majina ya miji chini ya nembo: yakiwa machache, kiatu ni cha zamani zaidi. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Prada mwaka 1999, na wakusanyaji wengi wanapenda vya kabla ya hapo. Florsheim za daraja la Imperial utazijua kwa kipande cha chuma chenye umbo la V kisiginoni.

Na ukikutana na kiatu kizito, chenye mng'ao wa ndani kwa ndani, ambacho kikikunjwa kinatoa mawimbi manene badala ya mikunjo midogo, tulia na usimwoneshe muuzaji uso wako. Huenda ni kordovani, ngozi ya makalio ya farasi. Kiwanda cha Horween cha Chicago, kilichoanza 1905, ndicho kinachojulikana zaidi kwa kazi hiyo, na viatu vipya vya ngozi yake vina bei ya kutisha.

Bei? Onesha soli. "Kaka, hii nikitoka hapa naenda kutoa hela nyingine kwa fundi." Mara nyingi atashuka, kwa sababu anajua ni kweli.

Nyumbani, usiguse kiwi kwanza. Hapa ndipo viatu vingi vizuri vinapoharibiwa, kwa kupakwa rangi mpya juu ya uchafu wa miaka. Toa kamba. Piga brashi kavu, hasa kwenye welti ambako mchanga hujificha na kukata uzi. Ndani, futa kwa kitambaa chenye spiriti, ukiingia mpaka kwenye pua ya kiatu, kisha kiache wazi kikauke. Madoa ya chumvi yafute kwa siki iliyochanganywa na maji, siki sehemu moja, maji sehemu mbili. Futa kiatu chote, si doa peke yake, la sivyo utaongeza mstari mwingine. Kama uchafu ni mwingi, tumia sabuni ya ngozi, au sabuni laini ya mtoto yenye povu kidogo. Sabuni ya unga ya kufulia iache ndooni kwako.

Kisha ondoa kiwi ya zamani. Chukua fulana kuukuu, iguse kwenye tapentaini kidogo, ujaribu kwanza kwenye ulimi wa kiatu ambako hapaonekani. Sugua kwa duara ndogo bila kukandamiza. Kitambaa kitatoka cheusi, halafu kahawia, halafu rangi halisi ya ngozi itaanza kujitokeza. Kuna viatu nilivyonunua nikidhani ni vyeusi, kumbe chini ya matabaka yale vilikuwa rangi ya damu ya mzee. Thina usitumie, ni kali mno, itang'oa na rangi ya kiwandani. Utajua umefika ukidondosha tone la maji: likibaki limesimama, kiwi bado ipo, likizama taratibu na kuacha alama inayokauka, ngozi imefunguka.

Jaza magazeti ndani, weka kivulini penye upepo au mbele ya feni. Juani hapana. Ngozi iliyolowa ikipata joto kali hujikunyata na kukakamaa, na hailainiki tena kama mwanzo.

Ikishakauka, ilishe. Watu hupaka mafuta ya nazi au mafuta ya mgando kwa sababu yapo nyumbani, na siku ya kwanza kiatu kinapendeza kweli. Baadaye ngozi inalegea, inavuta vumbi, na kiwi inakataa kushika. Tumia krimu ya viatu, kiasi cha punje ya maharage kwa kiatu kimoja, pakaza kwa vidole, acha usiku mzima. Ngozi iliyokauka sana itaomba tena kesho yake. Ipe kidogo kidogo.

Krimu nzuri ikikosekana, tuna nta ya nyuki, na nta ya Tabora ni ya kujivunia. Kwangua sehemu moja ya nta, iyeyushe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Zima jiko kabisa, toa kopo nje, ndipo umimine tapentaini sehemu tatu huku ukikoroga. Narudia, moto uwe umezimwa, kwa sababu tapentaini inawaka kwa mvuke wake tu. Ikipoa utapata mchanganyiko laini unaokinga na kung'arisha.

Kiwi ya kopo ije mwisho, nyembamba. Mng'ao wa kioo, ule wa askari wa gwaride, unatengenezwa kwa matabaka membamba na tone la maji kwenye kitambaa, na mahali pake ni puani na kisiginoni. Ukiuweka kwenye mkunjo utapasuka hatua ya kwanza.

Kwa fundi, kaa hapo hapo mkielewana. Atakuambia, "Bosi, hii tunabandika tu, inashika." Mwambie kwa heshima: fundi wangu, naomba ishonwe, na sindano ipite kwenye matundu yale yale ya welti. Matundu mapya juu ya ya zamani yanaichana welti kama stempu, na welti ikikatika kazi inakuwa kubwa. Kati ya soli ya ndani na ya chini atakuta tabaka la gome laini, lile la kutengenezea vizibo vya chupa za mvinyo. Likiwa limesagika, alijaze upya. Kwa jiji letu la mvua na madimbwi, naweka na nusu soli nyembamba ya mpira juu ya ile ya ngozi.

Baada ya hapo, usivae jozi moja siku mbili mfululizo, maana jasho linahitaji siku nzima kutoka. Fungua kamba kabla ya kuvua, na tumia kijiko cha kuvalia ili ukuta wa kisigino usivunjike. Ndani weka mbao zenye umbo la mguu. Seremala anaweza kukuchongea kwa vipande vya mtarakwa, mti ule wa penseli wa milimani, wenye harufu nzuri na unaofyonza unyevu.

Masika ndiyo adui. Usihifadhi viatu kwenye mfuko wa nailoni. Tumia mfuko wa kitambaa, na kabati ulifungue mara kwa mara. Koga ikitokea, ipige brashi nje ya nyumba, futa kwa spiriti, kausha, rudia krimu. Na kila ukipiga kiwi, bonyeza katikati ya soli kwa dole gumba. Ikianza kubonyea, peleka kwa fundi wiki hiyo hiyo. Ukisubiri itoboke, maji yatapanda mpaka soli ya ndani, nayo ndiyo iliyoishika welti.