Somo: Kupanga na kushona beji kwenye kizibao cha pikipiki

Kabla ya kushika sindano, jua kwamba kifua na mgongo wa kizibao havina uzito mmoja. Kifua ni chako. Mgongo ni wa klabu, hata kama huna klabu. Makosa mengi tunayoyaona barabara ya Nakuru–Kisumu hutoka hapo tu.

Hatua ya 1: Chambua

Mwaga beji zako zote mezani. Kila moja ijibu maswali mawili: umepewa na nani, na umeipataje? Beji ya safari ambayo hukwenda haivaliwi, hata kama umeuziwa kihalali. Ukijitokeza na beji ya kuzunguka Mlima Elgon, yupo atakayekuuliza ulianza kuvukia mpaka Suam au Lwakhakha, na atakujua kwa jibu lako.

Weka kando pia beji ya kuunga mkono klabu fulani kama klabu hiyo haikukupa kwa mkono wake, na chochote chenye cheo au madoadoa ya jeshi. Kwa nguo za kijeshi, askari wa kizuizi cha barabarani hana haja ya kujua mambo ya klabu ili akushushe.

Hatua ya 2: Mgongo

Desturi hii ilikuja kutoka Marekani, na lugha yake ni ile ile popote ilipofika. Upinde wa juu, yaani utepe uliopinda wenye maneno, hutaja klabu. Nembo hukaa katikati. Upinde wa chini hutaja eneo. Kimraba chenye herufi MC (“motorcycle club”, klabu ya pikipiki) hukaa kando ya nembo. Pinde mbili na nembo, vipande vitatu, vikikaa pamoja, maana yake ni klabu ambayo mtu huingia kwa kujaribiwa muda mrefu. Klabu za matembezi, zinazojiita RC (“riding club”), kwa kawaida huvaa nembo ya kipande kimoja.

Anayeendesha peke yake aache mgongo mtupu, au aweke picha moja isiyo na upinde juu wala chini. Tai, ngege, ramani ya Ziwa Victoria, vyote sawa. Lakini neno “Kisumu” likipindwa chini ya picha hiyo, umeshatangaza kwamba mji ni wako. Wenye mji wao watataka kukuona.

Beji ya umbo la almasi yenye 1% usiiguse. Inahusishwa na vurugu za Hollister, California, Julai 1947. Inasimuliwa kwamba chama cha waendesha pikipiki cha Marekani kilisema asilimia 99 ya waendesha pikipiki ni watu wanaotii sheria. Chama chenyewe kinasema hakina kumbukumbu ya kauli hiyo. Imesemwa au haikusemwa, klabu zilizojiweka nje ya utaratibu ziliichukua asilimia iliyobaki kuwa alama yao. Siyo pambo.

Hatua ya 3: Kifua

Hapa una uhuru zaidi. Wengi huweka jina kulia na bendera kushoto, upande wa moyo. Bendera ya Kenya inashonwa nyeusi ikiwa juu. Fundi asiyeangalia huigeuza, na kosa hilo utalibeba mpaka mtu akucheke Mau Summit. Bendera isiwe chini ya beji ya kampuni ya mafuta ya injini. Beji ya kumkumbuka marehemu, uliza familia kwanza, hasa ukitaka kuandika jina lote.

Hatua ya 4: Pima ukiwa umekaa

Bandika beji kwa selotepu ya karatasi, vaa kizibao, kaa kwenye pikipiki, shika usukani. Mikono ikienda mbele, ngozi ya mgongoni hutanuka na kola hupanda. Beji iliyoonekana katikati ukiwa umesimama inaweza kuonekana imening'inia. Mwambie mwenzako akupige picha kwa nyuma. Acha sentimita 4 kutoka mshono wa bega, maana mkanda wa begi hukwangua nyuzi hapo, na sentimita 2 kutoka kwenye zipu au vifungo.

Hatua ya 5: Shona

Ngozi haisamehi. Tundu la sindano kwenye jinzi hujifunga. Kwenye ngozi linabaki maisha. Kwa hiyo usitumie pini kushikilia beji. Tumia klipu za karatasi pembeni, na katikati matone mawili ya gundi ya karatasi.

Ukimpelekea fundi cherehani, hakikisha ana sindano ya ngozi namba 16, yenye ncha inayokata, na uzi wa poliesta au nailoni. Uzi wa pamba huoza kwa jasho na mvua. Rangi ya uzi ifuate ukingo wa beji, si kizibao. Mshono uwe milimita 3.5 hadi 4. Fundi aliyezoea sare za shule atakushonea milimita 2 akidhani anakupa kazi imara. Matundu yakisongamana hivyo ngozi huchanika kwa mstari, kama stempu inavyochanwa. Na asirudishe mashine nyuma kufunga mwisho. Avute nyuzi ndani, azifunge kwa mkono.

Beji ikianguka juu ya mfuko, nenda kwa fundi viatu. Cherehani yake ina mkono mwembamba unaoingia ndani ya mfuko, hivyo mfuko haufungwi. Kama kizibao kina bitana, fumua bitana chini, shona beji kwenye ngozi peke yake, kisha uirudishe.

Jinzi ni rahisi: ifue mara moja kwanza isinyae, ndipo ushone. Ukishona kabla, jinzi itarudi na beji itabaki imevimba kama chapati juu ya moto.

Beji za kubandika kwa pasi zishonwe pia. Gundi yake hulegea juani, na pasi ya moto huikunja ngozi. Gundi kali ya matone ndiyo mbaya kuliko zote: inakauka kama kioo, inapasuka, na sindano haipiti tena.

Hatua ya 6: Reflekta

Sheria ya trafiki inataka helmeti na jaketi yenye reflekta. Nembo kubwa mgongoni haimuliki mtu. Vaa reflekta nyepesi ya wavu juu ya kizibao. Ukifika, ivue, nembo ionekane. Anayeona aibu kuifunika nembo yake ajaribu Timboroa saa moja jioni kukiwa na ukungu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kondele: Nimepata kizibao cha ngozi cha mtumba Kibuye, bei ya kutupa, lakini kina nembo ya klabu ya ng'ambo mgongoni. Nivae hivyo hivyo?

Jibu: Hapana, kaka. Fumua kwanza. Pitia upande wa ndani, kata kila mshono wa nne kwa wembe, kisha vuta uzi wa upande wa nje. Kitabaki kivuli cha rangi. Rangi ya viatu inayofanana itakipunguza, ingawa haitakifuta. Nembo yenyewe usiiuze wala usimpe mtoto achezee.

Mwanachama, Nakuru: Sisi ni saba. Tunataka nembo ya mgongo. Tuanzie wapi?

Jibu: Kipande kimoja cha duara, sentimita 25 hivi. Kabla ya kulipia udarizi, pelekeni mchoro kwa klabu zilizotangulia mjini, ana kwa ana, wawili au watatu wenu, si kwa ujumbe wa simu. Wakisema rangi zimekaribiana na zao, badilisheni sasa, kwenye karatasi haigharimu kitu. Maneno yawe machache: herufi fupi kuliko milimita 6 nyuzi huziba, “e” na “a” zinafanana.

Mwanachama, Kakamega: Mimi ni wa boda. Naweza kushona beji kwenye reflekta ya steji?

Jibu: Kifuani panapobaki wazi, sawa, steji ikikubali. Usifunike utepe unaong'aa wala namba, maana abiria aliyesahau simu anakutafuta kwa namba hiyo. Ukihama steji, reflekta inabaki.

Mwanachama, Bungoma: Kwenye mazishi tunavua kizibao?

Jibu: Wenye msiba ndio wa kuulizwa. Mara nyingi wanapenda klabu ya marehemu ivae. Injini zizimwe langoni, hakuna kunguruma ndani ya boma kama familia haijaomba.

Mwanachama, Kericho: Huku mvua ni kila alasiri. Nyekundu ya beji yangu imevuja kwenye nyeupe.

Jibu: Pole, mkuu. Ikiwa bado mbichi, kandamiza kitambaa cheupe chenye maji baridi na sabuni kidogo, usisugue. Ikishakauka rangi haitoki yote. Kizibao kianikwe kivulini kwenye hanga pana, gazeti ndani, mbali na jiko. Beji mpya, iloweke dakika kumi kwenye maji baridi kabla ya kuishona. Ikivuja, ivujie kwenye beseni.