Kusanifu shina la nyonga lisiloyeyusha mfupa

Shina la nyonga bandia ni chuma kinachoingizwa ndani ya mfupa wa paja. Ukakamavu wa aloi ya titani ni gigapaskali 110 hivi, wa mfupa mgumu wa paja karibu 17. Shina kakamavu hubeba sehemu kubwa ya uzito, na mfupa unaokosa mzigo huyeyuka, hasa juu upande wa ndani, eneo la 7 katika mgawanyo wa Gruen wa mfupa unaozunguka shina. Kijana wa Lango au Busoga, Uganda, aliyeharibiwa nyonga na selimundu huenda akarudi kupasuliwa tena, na mfupa huo ndio daktari atautafuta.

1. Toa umbo la paja kwenye picha za CT za milimita 1. Programu ya 3D Slicer ni ya bure na inatosha. Kwa selimundu pima mfereji wa uboho kila sentimita, maana huweza kuziba kwa mfupa mgumu.

2. Chora shina. Shingo isiwe na matundu kabisa. Nusu ya juu ya mwili wa shina ipe matundu ya mikroni 300 hadi 600. Titani ikijaza asilimia 40, ukakamavu ni 110 × 0.4 × 0.4, yaani gigapaskali 17.6. Acha njia ya kutolea poda ya titani itakayobaki ndani baada ya kuchapisha kwa 3D.

3. Kwenye programu ya kukokotoa mkazo, inayogawa shina na mfupa vipande vidogo, weka mzigo wa kutembea: takriban mara 2.4 ya uzito wa mwili, pamoja na mvuto wa misuli ya kando ya nyonga.

4. Mgusano wa shina na mfupa. Usikubali programu igandishe nyuso hizo tangu mwanzo! Zikigandishwa, shina laini litaonekana bora daima, kwa sababu mteremko wake, yaani kuteleza kwake dhidi ya mfupa, umefichwa. Mteremko wa chini ya mikroni 40 huruhusu mfupa kuota ndani ya matundu. Ukipita 150 hukua utando laini na shina hulegea. Kwa hiyo endesha hesabu mara mbili. Kwanza tumia msuguano wa 0.3. Usipime mteremko kuanzia sifuri, kwani shina hujikalisha kwanza. Pandisha mzigo, ushushe, upandishe tena, kisha chukua tofauti ya mzunguko wa mwisho. Hesabu ikigoma, gawa mzigo hatua 10 na punguza vipande vya mpakani hadi milimita 1. Msuguano usiuguse. Mteremko ukizidi, jaza asilimia 50 badala ya 40. Ukishapita hapo ndipo ugandishe, ulinganishe nishati ya mkazo ndani ya mfupa na ile ya paja lisilopasuliwa, eneo kwa eneo.

5. Chapisha, kisha jaribu uchovu wa chuma kwa ISO 7206-4, kiwango cha kimataifa cha kupima mashina ya nyonga, mizunguko milioni 5. Jaribu shina lililochapishwa lenyewe: nyufa huanzia kwenye maungio ya vijiti vinavyozunguka matundu, na mchoro hauonyeshi ukwaruzo wa poda iliyoganda hapo.