Somo: Jinsi kijana anavyoweza kuchangia utafiti wa saratani kwa kuuza keki

Kijana anayetaka kuchangisha fedha kwa kuoka huwaza oveni kwanza, ilhali mnunuzi wa kwanza atamwuliza jambo jingine kabisa: fedha hizi zinakwenda wapi? Kwa sababu hiyo, unga na siagi katika somo hili vitasubiri hadi hatua ya tatu.

Hatua ya kwanza: Mjue mpokeaji. Kusema tu kwamba fedha ni "za saratani" hakutoshi, kwani ipo mifuko inayolipia matibabu, ipo inayosaidia familia za wagonjwa, na zipo taasisi za utafiti ambazo hugharimia maabara, watafiti na majaribio ya dawa. Utafiti huenda polepole, na kijana anapaswa kuweza kulieleza hilo bila kusitasita. Mwaka 1948, daktari Sidney Farber na wenzake huko Boston, Marekani, walichapisha taarifa kwamba dawa ya aminopterini ilikuwa imewapa nafuu ya muda watoto waliougua saratani ya damu. Leo, baada ya miongo ya majaribio, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wenye aina ya saratani hiyo inayowapata watoto zaidi hupona pale wanapopata matibabu kamili. Mkishachagua taasisi, iandikieni mkiomba ruhusa ya kutumia jina lake, na ulizeni mchango hupokewaje na stakabadhi hutolewaje.

Hatua ya pili: Tafuta mtu mzima wa kusimamia. Mzazi, mlezi au mwalimu ndiye atakayetunza fedha na kuuliza mamlaka husika kuhusu masharti ya kuuza chakula kilichopikwa nyumbani.

Hatua ya tatu: Oka vitu vichache mnavyovimudu. Aina mbili au tatu zinatosha. Biskuti na keki kavu hustahimili meza ya mauzo, lakini keki yenye malai huhitaji jokofu la nyuzi 5 za Selsiasi au chini ya hapo, kwa hiyo mimi ningeiacha kabisa. Keki ipoe hadi ndani kabla ya kufungwa, kwa sababu mvuke uliofungiwa huleta unyevu, na unyevu huleta ukungu. Aliyeharisha au kutapika asiguse kazi hii hadi saa 48 zipite tangu dalili zilipokoma. Tena, kila kitu kiwe na karatasi inayotaja viungo vyote, hasa ngano, maziwa, mayai, karanga, korosho, soya na ufuta, kwa kuwa mtu mwenye mzio hawezi kuitambua karanga iliyosagwa kwa kuitazama.

Hatua ya nne: Piga hesabu kabla ya kupanga bei. Ikiwa viungo, vifungashio na nishati ya keki moja vimegharimu 240 katika fedha yenu, na keki inakatwa vipande 12, kila kipande kimekula 20. Mkikiuza kwa 25 mtakuwa mmefanya kazi ya siku nzima kwa ajili ya 5 tu kwa kila kipande, tena mkidhani vyote vitanunuliwa. Dawa ya tatizo hili ni kuomba viungo kwa jamaa na marafiki kabla ya kuongeza bei.

Hatua ya tano: Linda fedha. Anayeshika chakula asishike fedha. Watu wawili wahesabu pamoja jioni hiyohiyo, waandike jumla na kutia saini, kisha mchango upelekwe mapema na stakabadhi ionyeshwe kwa walionunua.

Maswali

Swali: Shikamoo mwalimu. Je, ni halali kutoa gharama zetu kwenye mauzo?
Jibu: Marahaba. Inawezekana, mradi mnunuzi aambiwe mapema. Bango likisema "fedha zote", basi zote zipelekwe, na gharama zibaki mzigo wenu. Likisema "faida yote", tunzeni risiti za kila mlichonunua.

Swali: Binti yangu anaona aibu kwamba atapata kiasi kidogo. Nimwambie nini?
Jibu: Mweleze habari za Alexandra Scott wa Marekani, ambaye mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 4 na yeye mwenyewe akiugua saratani, aliuza sharubati ya limau na kupata takriban dola 2,000 kwa ajili ya utafiti. Wengine waliiga, na kabla hajafariki mwaka 2004 michango ilikuwa imevuka dola milioni 1. Hata hivyo, asipewe kiasi hicho kama lengo. Lengo lake litokane na idadi ya vipande anavyoweza kuoka.

Swali: Mwalimu, si kinyume kuuza sukari kwa jina la saratani?
Jibu: Swali zuri, na mtaulizwa mezani. Wapo wanaosema kwamba sukari hulisha saratani, lakini seli zote za mwili, zenye afya na zenye saratani, hutumia sukari, na kipande cha keki hakimletei mtu ugonjwa huo. Kilichothibitika ni kwamba unene uliozidi huongeza hatari ya aina kadhaa za saratani. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilihesabu aina 13. Kateni vipande vidogo, na msiandike popote kwamba keki yenu inakinga au kutibu chochote.