Mhusika unayempenda kaharibiwa na waandishi? Lalamika hivi mpaka ueleweke

Jamani kuna hasira ya aina yake, ile umemfuata mhusika mmoja miaka minne, unamjua kuliko unavyowajua baadhi ya ndugu zako, alafu siku moja anafanya kitu ambacho yule mtu hawezi kukifanya hata umshikie fimbo, na we upo hapo na rimoti mkononi unaiangalia tivii kama imekutukana. Imenikuta. Na nikafanya kosa tunalofanya wengi, nikaandika lalamiko refu kama gazeti, wameharibu, waandishi hawajitambui, mi basi tena, watu wakanijibu kama hupendi usiangalie, mjadala ukafa palepale. Na walikuwa sawa kunijibu hivyo, maana kwa maneno yote yale sikuwa nimesema kitu.

Tangu siku hiyo nimejifunza kulalamika vizuri, na nataka nikupe njia ninayotumia mimi.

Kitu cha kwanza, usiku ule ule usiandike chochote zaidi ya mstari mmoja. Mmoja tu, kwenye simu au kwenye daftari, kimekuuma nini na ni dakika ya ngapi. Ile dakika ni muhimu sana ntakwambia baadae kwa nini. Alafu lala. Ukiamka hasira imepungua lakini mstari bado upo, na mara nyingi utashangaa ulichoandika sio kile ulichodhani ulikasirikia.

Alafu tenganisha vitu viwili ambavyo sisi mashabiki tunavichanganya kila siku. Kuna "sijapenda alichofanya" na kuna "huyu hawezi kufanya hivi". Cha kwanza sio kosa la mwandishi kabisa, ni kazi yake hiyo, steringi akisaliti rafiki ukaumia mpaka ukazima tivii inawezekana ndo wamekupata hapo. Cha pili ndo lalamiko. Kuvipambanua nina maswali matatu najiuliza kuhusu mhusika kwa dakika ile ile: anajua nini, anataka nini, anaogopa nini. Ukiyajibu yote matatu na kitendo bado kinaingia, basi we umeumia tu, pole, endelea kuangalia. Ukikuta ili kitendo kiingie inabidi asahau kitu anachokijua, au ile hofu yake ya siku zote ipotee bila mtu kuiondoa, hapo una kesi.

Mfano wangu. Drama yenyewe siitaji jina, mashabiki wake nawajua walivyo na moto. Kuna mdada mwanasheria, na tabia yake kubwa ni kwamba hasaini kitu hajakisoma. Sizini ya kwanza tunaelezwa baba yake alipoteza nyumba kwa kusaini karatasi aliyoletewa na mtu anayemwamini. Basi huyu mdada anasoma kila kitu, anaweka kidole chini ya mstari, anakisogeza taratibu. Kuna sini moja (kipande kimoja cha tukio) sizini ya tatu siisahau, anapanga nyumba, mwenye nyumba kasimama mlangoni anachezesha funguo, mvua inamnyeshea mgongoni, na yeye kakaa juu ya sanduku lake anasoma mkataba wa kurasa nane kidole kinatembea, anafika mwisho, anarudi ukurasa wa pili, anauliza swali moja. Hakuna muziki wala nini, na nilicheka peke yangu maana nilikuwa namjua.

Sasa sizini ya tano, episodi ya sita, mpenzi wake mpya anamletea makaratasi ya kampuni, anamchomolea peni, mdada anacheka, anasaini kwa kuinama tu hata hakai chini. Sekunde kama nne hivi. Nilitupa mto.

Mstari wangu wa usiku ule ulisema "angesoma". Nikaenda nao hivyo hivyo kwa rafiki yangu mmoja ambaye na yeye anaifuata, akaniuliza swali dogo tu, kwani mtu akipenda habadiliki? Nikanyamaza. Kwa sababu anabadilika bana, na mtu aliyekaa macho miaka yote akichoka kukaa macho mara moja tu, hiyo inaweza kuwa stori kali kuliko zote.

Ndo hapo inakuja hatua ambayo wengi wanairuka na ndo yenye nyama: rudi nyuma utafute ufa. Usirudie sini iliyokuuma, hiyo unaijua tayari. Rudi episodi mbili tatu au hata nne kabla, angalia ukiwa na kalamu, uandike kila sehemu ambayo kile kitendo kinaandaliwa. Mi nilirudi mpaka mpenzi alipoingia, episodi ya pili. Nikahesabu sini wanazokuwa wawili tu. Nne. Moja wanacheza muziki, mbili wako kwenye gari, moja wanagombana kuhusu simu. Hakuna hata moja ambayo yule kaka anaaminiwa kitu kidogo akakitunza, yaani hata ufunguo hajawahi kuachiwa. Sasa mtu mwenye jeraha la baba yake atatokaje hapo mpaka kwenye kusaini akiwa kasimama?

Alafu usiishie kabla, angalia na baada ya tukio. Mi nilipoenda mbele, episodi ya saba na ya nane, kampuni inachukuliwa, mdada analia, na analia kwa sababu ya mwanaume. Baba hatajwi. Nyumba haitajwi. Mtu yamempata yale yale ya baba yake, na kwenye episodi mbili nzima hakuna anayekumbuka, hata yeye mwenyewe! Kumbe kilichoniuma sio saini kabisa, ni kwamba waandishi wamesahau nilichokuwa nimekishika mimi miaka minne. Nimeshafanya zoezi hili mara kadhaa sasa na karibu kila mara ufa hauko pale ulipoumia, uko kwenye ile sini ambayo haipo.

Na uwe tayari kukosea, nakwambia ukweli. Kwenye drama hiyo hiyo nililalamika kaka mtu kuiba hela za familia, nikasema imetoka mawinguni, niliporudi nikakuta vidokezo vitatu wazi kabisa, kimoja kamera imekaa kwenye droo mpaka unaona aibu. Nikafuta nilichoandika kimyakimya.

Mfano mkubwa wa kujipimia ni Game of Thrones, ule moto wa Daenerys Targaryen, malkia mwenye dragoni anayeteketeza mji na watu wake, kwenye episodi ya tano ya sizini ya 8 mwaka 2019. Watu walipandwa na hasira, ombi la kutaka sizini irudiwe upya likapata saini zaidi ya milioni 1. Sasa ipitishe kwenye vipimo vyetu. Je hawezi kufanya vile? Aah, anaweza, tangu zamani alikuwa anachoma watu na kusulubisha mabwana wa watumwa, sisi tulikuwa tunashangilia tu kwa sababu waliochomwa hatukuwapenda. Maandalizi yapo. Kilichokosekana ni nafasi: sizini sita za mwanzo zilikuwa na episodi 10 kila moja, ya saba ikawa na 7, ya nane 6. Mtu anapoteza karibu kila aliyekuwa naye kisha anageuka ndani ya muda mfupi namna ile, hatupati hata jioni moja tulivu ya kukaa naye kwenye hasara yake. Kwa hiyo ukilalamika "asingeua watu" watakupiga chini na vidokezo vyao. Ukisema wamemkimbiza, hilo utalitetea mpaka asubuhi. Ombi lenyewe halikubadilisha kitu, sizini haikurudiwa na mwaka huo huo drama ikachukua Emmy, tuzo kubwa ya tivii Marekani, ya drama bora.

Ukishapata ufa, tafuta uliletwa na nini, kwa sababu mara nyingine unamlaumu mtu ambaye naye alifungwa mikono. Waandishi wa Marekani waligoma kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008, na kuna stori zilikatwa katikati, sizini ya pili ya drama ya Heroes iliishia episodi 11 tu. Mara nyingine ni muigizaji kaondoka au karudi. Drama ya Dallas walimuua mhusika Bobby Ewing mwaka 1985 kwa sababu Patrick Duffy aliyemcheza alitaka kutoka, mwaka uliofuata akakubali kurudi, wakamtoa bafuni anaoga kama hakuna kilichotokea na sizini nzima ikageuzwa kuwa ndoto ya Pam, aliyekuwa mke wake. Ndoto! Wahusika wengine wote waliokua mwaka ule wakarudishwa walipokuwa, na hicho ndo mashabiki wanakisema mpaka leo. Na mara nyingine ni mwenye stori ameondoka, kama Gilmore Girls ilivyofanya sizini ya 7 bila Amy Sherman-Palladino aliyeianzisha. Majina yaleyale, nyumba ileile, lakini mazungumzo hayana ule mwendo.

Kwa hiyo angalia jina la aliyeandika episodi, huwa linapita mwanzoni au mwishoni na sisi tunaliruka kwa haraka zetu. La episodi ile ya sita lilikuwa geni kwangu, halikuwepo sizini zote nne. Ila usimrukie mtu huyo peke yake, kwenye drama nyingi stori inapangwa na kundi zima na mwandishi mkuu anapitia kila skripti kabla haijapigwa picha.

Na muigizaji muache. Hili naliweka kwa herufi kubwa kichwani mwako. Anna Gunn aliyecheza Skyler kwenye Breaking Bad alichukiwa kwa sababu ya mhusika wake mpaka mwaka 2013 akaandika makala New York Times kuhusu ile chuki, ilikuwa imetoka kwa Skyler imehamia kwake yeye mwenyewe. Mtu kapewa karatasi kacheza, na kacheza vizuri ndo maana umemchukia. Tena waigizaji ndo huwa wanaokoa wahusika, drama hiyo hiyo Jesse alipangwa afe sizini ya kwanza, Aaron Paul alivyomcheza wakaona huyu haondoki, akafika mpaka mwisho.

Sasa kuandika kwenyewe. Lalamiko zuri ni fupi, lina sini mbili na linabeba kumbukumbu. Angalia langu la mwanzo: "Wamemharibu kabisa, yaani huyu sio yeye, waandishi hawana akili." Na la pili baada ya kurudi nyuma: "Sizini ya 3 alimwacha mwenye nyumba anyeshewe na mvua ili asome kurasa nane. Sizini ya 5 kasaini akiwa kasimama, na kampuni ilipochukuliwa hakumkumbuka baba yake hata kwa neno moja. Kati ya hapo nani alimtoa ile hofu?" Malizia na swali ambalo mwenye kutetea lazima alijibu kwa kutaja sini, asiweze kukwepa kwa usiangalie. Lile la pili liliniletea majibu marefu, mmoja akanionyesha sini ya gari niliyokuwa nimeichukulia poa, haikunishawishi lakini tulikuwa tunaongelea drama sasa, sio akili zangu. Dakika ulizoandika usiku ule ndo zinakusaidia hapa, mtu akibisha unampa dakika aende akaangalie.

Usitegemee warekebishe. Drama nyingi siku hizi sizini nzima imeshapigwa picha kabla hujaona episodi ya kwanza. Kuna nyakati wanasikia, drama ya Lost walileta wahusika Nikki na Paulo kwenye sizini ya 3, watu wakawakataa, mwaka 2007 wakafukiwa wakiwa hai, lakini hiyo ni ya kuchekea tu sio ya kuipangia bajeti.

Kuhusu kuacha kuangalia au kuendelea, mi najipa episodi tatu. Kama ndani ya tatu hakuna hata mmoja aliyekumbuka, naacha bila kutangaza, maana ukitangaza lazima urudi kuangalia watu wamesema nini na hapo hujaacha.

Na kama ufa unakusumbua usingizi, andika ile sini iliyokosekana. Sio stori nzima, sini tu, nusu ukurasa. Ya kwangu nimeiweka episodi ya nane, usiku, mdada yuko ofisini ambayo kesho sio yake tena. Anachukua nakala ya makaratasi aliyosaini, anakaa chini kwenye sakafu, anaweka kidole chini ya mstari wa kwanza. Anasoma. Anafika ukurasa wa nne, kidole kinasimama. Anachukua simu anampigia baba yake, na baba anapopokea yeye hasemi kitu, baba anasubiri, anasubiri, alafu anauliza, "Ukurasa wa ngapi?"